Hilux yangu ya dizeli inagonga na inakula mafuta: je, kelele ndiyo chanzo?

"Fundi, shikamoo. Nina Hilux ya milango minne, injini ya aina ya 5L (ni jina la injini, si lita 5) isiyo na turbo, niliyoinunua Dar es Salaam miaka miwili iliyopita. Siku hizi nabebea viazi mviringo hapa Njombe kwenda Makambako, na mara nyingine Iringa. Asubuhi ikiwashwa inagonga kana kwamba kuna mtu anapiga nyundo ndani ya injini, moshi mweupe unatoka kwa dakika kadhaa, na hata ikitembea nusu saa bado haijatulia. Mwaka jana ilichemsha kwenye mlima Kitonga, fundi akatoa themostati na kuifunga feni moja kwa moja. Tangu hapo haijachemsha tena. Tatizo ni mafuta: napata kilomita 7 kwa lita. Shemeji yangu ana Hilux mpya ya lita 2.4 yenye turbo, barabara hiyohiyo anapata 11, na ukikaa ndani husikii kitu. Fundi mmoja ananiambia kelele zile ni mafuta yanayopotea, nirudishe taimingi nyuma ili itulie. Mwingine anasema niitoe injini, niweke ya petroli. Nimfuate yupi? Na je, nikiweka godoro la sponji chini ya boneti, litapunguza kelele?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeeleza vizuri, na katika maelezo yako kuna sentensi moja uliyoipitia kwa haraka kana kwamba ni habari ya zamani iliyokwisha, nayo ndiyo iliyonisimamisha: ile ya Kitonga. Nitairudia baada ya kueleza kwanza kelele ya dizeli inatoka wapi, kwa sababu bila kulijua hilo utaendelea kuchagua kati ya mafundi wawili ambao, kwa maoni yangu, hakuna hata mmoja aliyelishika tatizo lako.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa tupu. Katika injini yako hewa hubanwa hadi kubaki takriban sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa awali, nayo kwa kubanwa hivyo hupata joto la mamia ya nyuzi, kiasi cha kuwasha dizeli bila msaada wa kitu kingine. Nozeli hunyunyiza mafuta ndani ya hewa hiyo ya moto. Lakini mafuta hayawaki papo hapo. Matone yanapaswa kwanza kupata moto, kugeuka mvuke na kuchanganyika na hewa, na muda huo mfupi wa kusubiri ndio mama wa kelele zote unazozisikia. Nozeli haisubiri; inaendelea kumwaga. Muda wa kusubiri ukiwa mfupi, huwa yamekusanyika mafuta kidogo tu yanapoanza kuwaka, na yanayofuata huungua taratibu kadiri yanavyoingia. Muda huo ukirefuka, hukusanyika mengi, kisha yote huwaka kwa mkupuo, shinikizo linaruka ghafla na kuigonga pistoni, na chuma chote cha injini kinalia. Umewahi kumwona mtu akimwaga mafuta ya taa kwenye mkaa ambao haujashika vizuri? Kwanza ni moshi, moshi, moshi, halafu yote yanalipuka kwa pamoja na kumuunguza nyusi. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya silinda zako asubuhi, na ule moshi mweupe ni dizeli iliyotoka bila kuungua.

Muda tunaouzungumzia ni mdogo mno. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, yaani sailensa ya kawaida (inapounguruma bila kukanyagwa mafuta), milisekunde 1 tu ya kuchelewa ni sawa na takriban nyuzi 5 za mzunguko wa klenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kwa hiyo chochote kinachoipoza chemba ya mwako kwa kiasi kidogo, au kinachoyafanya matone kuwa makubwa kidogo, utakisikia kwa masikio kabla hujakiona kwa macho.

Sasa niseme kuhusu dhana ya fundi wako wa kwanza, kwamba kelele ni mafuta yanayopotea. Imeenea sana, na inapotosha kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Nguvu inayotoka kama sauti ni ndogo mno, haiwezi hata kupimika kwenye tangi lako. Zaidi ya hapo, kelele na ulaji wa mafuta mara nyingi huenda pande tofauti. Malori mengi ya zamani yanayonyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni yalikuwa na mlio mkali wa kugonga kuliko wa Hilux yako, lakini kwa mzigo yaliobeba yalikuwa hodari wa kubana mafuta. Na dawa anayokushauri inathibitisha hivyo hivyo: ukiirudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza mafuta, mafuta yataingia pistoni ikiwa juu kabisa, hewa ikiwa na moto zaidi, na injini itatulia kweli. Itanyamaza kama paka. Lakini mwako utakuwa umesogea hadi wakati pistoni imeshaanza kushuka, sehemu ya joto itatoka na ekzosi badala ya kusukuma gari, na utakanyaga zaidi ili kupanda mlima uleule. Niliwahi kupokea gari la mzee mmoja aliyekuja analalamikia ulaji wa mafuta huku akisifu jinsi injini ilivyotulia tangu ilipofunguliwa pampu ya dizeli. Tuliporudisha pampu mahali pake, mafuta yalipungua na kelele zikarudi kidogo, na nilimweleza mapema kwamba itakuwa hivyo. Taimingi ya pampu haisogezwi kwa sikio. Ina kipimo chake, hupimwa kwa saa maalumu inayofungwa nyuma ya pampu, na fundi asiye na saa hiyo usimruhusu alegeze zile nati.

Turudi Kitonga. Themostati ni mlango mdogo wa maji unaobaki umefungwa hadi injini ifike karibu nyuzi 80 za joto, kisha hufunguka kidogo kidogo. Kuitoa ni kama kuacha mlango wa nyumba wazi usiku kucha mwezi wa Julai hapo Njombe. Maji ya baridi kutoka kwenye rejeta yanazunguka injini tangu sekunde ya kwanza, kuta za silinda hazipati joto lake, na ule muda wa kusubiri niliokueleza unabaki mrefu safari nzima. Ndiyo maana nusu saa baadaye gari bado linagonga. Injini nzima ya aina hii ingekuwa imeshatulia muda mrefu. Oili nayo inabaki nzito, msuguano unaongezeka, na mafuta mabichi yanayotelemka kwenye kuta za silinda yanaiosha oili na kula ringi. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam madhara haya huchelewa kuonekana. Kwako wewe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za ukungu, yanaonekana kila siku.

Nalo hili la feni si dogo. Feni ya gari lako ilikuja na klachi ya majimaji, ambayo huiachia izunguke polepole injini ikiwa na baridi na kuishika pale tu hewa inayopita kwenye rejeta inapokuwa ya moto. Fundi aliyeifunga moja kwa moja ameifanya izunguke na injini wakati wote. Nguvu inayohitajika kuzungusha feni hupanda kwa kasi ya kutisha: mzunguko ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Kwa hiyo unapopiga mwendo kwenye tambarare, ambako upepo wa safari peke yake ungetosha kuipoza rejeta, unachoma dizeli ili kuendesha feni isiyohitajika, nayo inavuma kama ndege inayotaka kuruka. Naamini sehemu kubwa ya kelele unayoisikia ukiwa kwenye mwendo ni feni hiyo, wala si mwako. Jaribio lake ni rahisi: kanyaga mafuta gari likiwa limesimama, asubuhi, na usikilize. Kugonga kwa dizeli ni kokoto ndani ya kopo. Feni ni mvumo unaopanda pamoja na mizunguko.

Usikimbilie kununua themostati leo na kuirudisha kesho, kwa sababu kilichochemsha gari Kitonga hakikuwa themostati pekee na huenda bado kipo. Mpe fundi kazi hii kwa mpangilio huu: rejeta itolewe na kusafishwa ndani, si kupulizwa kwa nje tu, mfuniko wa rejeta upimwe kama unashika shinikizo, maana kwa mwinuko wako maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye takriban nyuzi 93, pampu ya maji na mabomba yaangaliwe, klachi ya feni ibadilishwe, na mwisho ndipo irudishwe themostati mpya yenye kiwango cha joto cha injini hiyo. Jambo ambalo wengi hushangaa wakilisikia ni kwamba katika injini nyingi themostati ikitolewa, njia ya mkato ya maji hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Anayeitoa ili gari lisichemshe anaweza kujikuta linachemsha palepale mlima unapokuwa mkali.

Baada ya hapo njoo kwenye hita plagi na nozeli. Injini yako ina chemba ndogo kando ya silinda ambamo mwako huanzia, na chemba hiyo kwenye baridi hutegemea hita plagi ili kushika moto. Ziko nne. Zikifa mbili, injini itawaka bado, lakini kwa dakika za kwanza inatembea kwa silinda mbili huku nyingine mbili zikitema moshi mweupe na kutikisa gari zima. Fundi umeme mwenye mita atazipima zote kwa dakika kumi. Nozeli ni kazi ya fundi pampu mwenye mashine. Mwombe akuonyeshe, usikubali kuambiwa tu: nozeli nzima ya injini hii inafunguka kwenye shinikizo la karibu baa 150, inatoa mlio mfupi mkavu kama wa kuchana kitambaa, na mafuta yanatoka kama pumzi ya mdomo kwenye kioo. Nozeli iliyochoka inakojoa. Utaona mshipa mmoja wa mafuta, kisha tone linabaki limening'inia kwenye ncha baada ya mlio kukoma. Tone hilo ndilo linalogonga. Ukiwa pale usiweke kidole mbele ya mnyunyizo, kwa sababu unaweza kupenya ngozi.

Kuhusu shemeji yako, ningekuomba usijilinganishe naye kwa kipimo kimoja. Injini yake, ile ya lita 2.4 iitwayo 2GD, ni kizazi kingine. Kwanza, inanyunyiza mafuta moja kwa moja kwenye silinda, wakati yako hupoteza joto kwenye kuta za ile chemba ndogo na kwenye tundu jembamba la kutokea. Tofauti hiyo peke yake ni kati ya asilimia 10 na 20. Pili, kompyuta yake hutanguliza mafuta kidogo sana, miligramu chache, yawake kwanza na kuipasha chemba moto kabla mafuta yenyewe hayajafika, kwa hiyo muda wa kusubiri unakaribia kutoweka na kelele pamoja nao. Hiyo ndiyo siri ya ukimya wake, ukiongeza na matabaka ya kuzuia sauti yaliyobandikwa kiwandani. Tatu, ana turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Hewa ya Njombe ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, nayo turbo yake inaifidia. Yako inavuta kilichopo tu. Pampu iliyopimwa kwa ajili ya Dar es Salaam itamwaga mafuta ya hewa ya Dar es Salaam, na yale yasiyopata hewa ya kuungulia yatatoka kama moshi mweusi ukipanda na mzigo. Ukiuona moshi huo kwenye kioo cha nyuma kila mlima, mwambie fundi pampu akupunguzie kiasi cha mafuta kwa skrubu yake. Nguvu utakayopoteza ni ndogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa yale mafuta yalikuwa masizi tayari.

Kilomita 7 zako nazo nataka tuzihakiki kabla ya kuzililia. Hukuniambia unatumia tairi gani. Kama gari lilikuja na 205R16, kama Hilux nyingi za kazi, nawe ukafunga 265/75R16 zenye kashata nene kwa ajili ya matope ya masika, basi kwa kila kilomita 100 unazotembea dashibodi inasoma takriban 92 tu. Kilomita 7 zako zingekuwa 7.6. Tairi hizo pia zina mvumo wake kwenye lami, na wengine huutafuta kwenye injini wasiuone. Jaza tangi kwenye kituo kimoja na pampu ileile hadi bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, tembea hadi karibu na robo, rudi palepale ujaze tena. Fanya hivyo mara tatu, ukitenganisha safari za mzigo na za mtupu. Kipimo cha mara moja ni ubashiri. Na kama huwa unanunua mafuta ya madumu vijijini, acha kwa mwezi mmoja uone: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huchelewa zaidi kuwaka na ina nguvu kidogo kwa lita, kwa hiyo hugonga na kuliwa haraka kwa pamoja. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya mchezo huo, lakini dumu la barabarani halina risiti wala muhuri.

Kwa injini ya namna yako, kilomita 8 hadi 10 kwa lita ni kiwango cha kawaida, na ukiwa na tani ya viazi kwenye vilima vyenu mimi ningeridhika na 8 na nusu. Tufanye hesabu ya mtu anayetembea kilomita 2,000 kwa mwezi. Kwa 7 anatumia lita 286. Kwa 8 na nusu anatumia 235. Kwa 11 za shemeji anatumia 182. Matengenezo niliyokutajia yanaweza kukuokolea lita 50 hivi kwa mwezi, na gari jipya lita 104. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za mafuta) ya mwezi huu kwa Njombe, kisha ulinganishe na gharama uliyoambiwa na fundi. Mwendo nao una nafasi yake: upinzani wa upepo katika kilomita 100 kwa saa unazidi ule wa 80 kwa zaidi ya nusu, na pikapu yenye magunia yaliyopita juu ya kabini ni ukuta.

Injini ya petroli nisingekushauri hata kidogo. Utapata ukimya, hilo ni kweli. Lakini lita ya petroli ina nishati pungufu ya ile ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yenyewe hubana hewa kidogo na kuipitisha kwenye mlango uliofungwa nusu muda mwingi, kwa hiyo kilomita 7 utazikumbuka kwa huzuni. Wapo wanaofunga injini za dizeli za Toyota aina ya 2KD au 1KD zenye turbo kutoka kwenye magari yaliyochinjwa, na zikifungwa vizuri zinapendeza: nguvu zaidi, mafuta kidogo zaidi. Gharama yake haiishii kwenye injini. Utahitaji kompyuta, nyaya zote na chujio safi la dizeli, kwa sababu mfumo wake unafanya kazi kwa zaidi ya baa 1,300 na hausamehe maji wala uchafu wa dumu. Injini za ukoo huo pia zina udhaifu unaojulikana: vishaba vidogo (washa za shaba) vilivyo chini ya nozeli vikianza kuvuja, moshi wa mwako huingia kwenye oili na kuifanya lami, hadi chujio la kunyonyea oili linaziba na injini inakufa kwa kiu. Ukinunua ya mtumba, vishaba hivyo vibadilishwe na sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe kabla haijawashwa. Injini yoyote utakayobadilisha, namba yake iingizwe kwenye kadi ya gari TRA (mamlaka ya mapato), la sivyo siku ya ajali utazungumza lugha nyingine na watu wa bima.

Kuna hali ambazo hupaswi kuzisubiri wala kuzisomea, unalipeleka gari kwa fundi, na nyingine kwa kuvutwa. Mgongano mzito unaotoka chini ya injini, unaozidi ukipakia mzigo na usiobadilika injini ikipata moto, unaweza kuwa beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na klenki. Taa ya oili ikiwaka pamoja nao, zima injini hapohapo. Moshi mweupe wenye harufu tamu huku maji yakipungua kwenye rejeta ni dalili ya gasketi au silinda hedi iliyopasuka, na gari lililowahi kuchemsha mlimani lina haki ya kushukiwa. Oili inayopanda kwenye kijiti cha kupimia bila wewe kuiongeza ina dizeli ndani yake. Kwa injini kama yako, fundi anaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja ikiwa kwenye sailensa ili kujua silinda ipi inagonga: kugonga kukipotea, ameipata. Jaribio hilo lisifanywe kamwe kwenye gari la shemeji yako au injini yoyote ya kompyuta, maana shinikizo lake linakata nyama.

Godoro usiweke. Sponji ya godoro inanyonya mvuke wa mafuta na oili, ikilegea inaangukia ekzosi, na moto wa boneti hauzimwi kwa ndoo. Tafuta lile zulia la boneti la kiwandani, linapatikana kwa wauza vipuri vya mtumba, na ubadilishe raba nne za milango na zile raba zinazobeba injini, ambazo kwa umri wa gari lako huenda zimeshakuwa mbao. Chungulia pia tundu la sakafuni inapopita gia: likiwa limechanika mpira wake, sauti yote ya injini inaingia pale, pamoja na vumbi la viazi.